MIKONO INAYOTETEMEKA: TUPIME KWANZA, NDIPO TUNYWE

Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, unaijua mbegu ya upupu. Ukipita porini wakati maganda yake yamekauka, vinyweleo vyake vinakurukia. Unajikuna mpaka nyumbani.

Lakini upo upupu mwingine usiowasha. Huo ndio sisi mabwana shamba tunaowapa wakulima waupande katika shamba lililochoka. Unatambaa, unafunika ardhi, unazuia magugu. Majani yake yakioza, rutuba inarudi.

Mbegu hizo niligawa katika kijiji kimoja ninachokihudumia. Msimu uliofuata kijana mmoja alinijia jioni. Hakuja na swali la shamba.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri kidogo. Naomba kilo moja ya ile mbegu ya upupu. Si ya kupanda. Ni ya baba, anywe."

Nilishangaa. Kijana akaeleza. Amesikia kwa mtu wa mjini kwamba upupu ni dawa ya kutetemeka. Baba yake anatetemeka mkono wa kulia, na sasa ni mwaka wa tatu.

Baba yake nilimfahamu vizuri. Alikuwa mkulima hodari. Mistari yake ya mahindi ilinyooka kama uzi. Kisha nikaona mistari inaanza kupinda. Shimo moja lilikuwa na mbegu nne, shimo la pili halina hata moja. Nilidhani ni haraka. Siku nyingine nilimwona anashindwa kufunga vifungo vya shati. Nikamwambia, "Mzee wangu, huo ni uzee tu." Naye akacheka kidogo, tukaendelea na habari za mbolea.

Ndugu msomaji, nilikosea. Haukuwa uzee tu.

Kijana yule sikumpa mbegu siku ile. Nilimwambia, "Nipe wiki moja nikaulize." Nilikwenda hospitali ya wilaya, nikamwona daktari, nikauliza na kusoma. Haya ninayokuandikia ndiyo niliyojifunza.

UGONJWA HUU NI UPI?

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Jina hilo ni la daktari mmoja wa London, Uingereza, aliyeitwa James Parkinson. Mwaka 1817 aliandika kitabu kidogo juu ya watu sita aliowaona wakitetemeka na kutembea kwa shida.

Ugonjwa unaanzia katika ubongo. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayotengeneza kitu kinachoitwa dopamini. Dopamini hupeleka habari kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, ili mwili ujongee vizuri. Ukitaka kuinua kikombe, mkono unakwenda sawasawa kwa sababu habari imefika.

Katika ugonjwa huu, chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa kidogo kidogo. Ni kama mfereji wa maji unaojaa mchanga. Mwanzoni maji yanapita bado, na wewe huna habari. Mchanga ukizidi, ndipo unapoona mche unanyauka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mgonjwa. Dalili zinapoonekana, chembe nyingi zimekwisha kufa.

Dalili zenyewe ni hizi:

1. Mkono au mguu unatetemeka ukiwa umetulia. Mara nyingi huanza upande mmoja.

2. Mwili unakuwa mzito. Kazi ya dakika tano inachukua nusu saa.

3. Viungo vinakakamaa. Mkono hauyumbi mtu anapotembea.

4. Hatua zinakuwa fupi. Mtu anaburuta miguu, tena anaanguka kwa urahisi.

5. Sauti inakuwa ndogo. Uso hauonyeshi furaha wala hasira, hata kama moyoni zimo.

Dalili nyingine huja mapema zaidi. Mtu hasikii harufu ya chakula. Anapata choo kwa shida. Usiku anapiga mateke usingizini.

Lakini angalia: si kila anayetetemeka ana ugonjwa huu. Kuna kutetemeka kwa ulevi. Kuna kutetemeka kwa ugonjwa wa tezi ya shingo. Kuna kutetemeka kunakorithiwa katika ukoo, ambako huonekana zaidi mtu anaposhika kitu. Tena baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, na hata dawa fulani za kuzuia kutapika, zinaweza kuleta hali inayofanana kabisa na Parkinson. Kwa hiyo mwenye kupambanua ni mganga aliyesomea kazi hiyo. Si jirani, wala si bwana shamba.

SI UCHAWI

Katika vijiji vyetu mtu akianza kutetemeka, maneno huanza pia. Huyu atasema amerogwa. Yule atasema amekanyaga dawa ya mtu. Mwingine atasema, kama nilivyosema mimi, kwamba ni uzee. Maneno haya yote yanafanya jambo moja: yanamweka mgonjwa nyumbani.

Tuna mfano wetu wenyewe. Miaka ya 2005 na 2006, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika sehemu ya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Walihesabu watu zaidi ya 160,000. Wagonjwa wa Parkinson walikuwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wanaishi nao bila jina, na bila dawa.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu hupotewa na ng'ombe, kijiji kizima kikamtafuta. Lakini mzee anapotewa na mikono yake, sisi tunasema ni uzee.

DAWA ILITOKA KATIKA KUNDE

Sasa tuje kwenye dawa. Hapa mkulima atapata la kufurahia, kwa sababu dawa ya ugonjwa huu ilianza kuonekana katika mimea ya jamii ya kunde.

Mwaka 1913, mtaalam mmoja huko Uswisi aliyeitwa Marcus Guggenheim alieleza jinsi alivyotoa kitu katika maharage makubwa ya bustani. Kitu hicho leo kinaitwa levodopa. Alikimeza mwenyewe, gramu mbili na nusu. Akatapika sana. Hakuona faida yake kubwa, akakiacha.

Mwaka 1937, wataalam wa India walitoa levodopa katika mbegu za upupu. Waganga wa jadi wa India walikuwa wameutumia upupu tangu zamani sana.

Miaka ikapita. Mwaka 1957, mtaalam wa Sweden aliyeitwa Arvid Carlsson alifanya jaribio kwa sungura. Aliwapa dawa iliyomaliza dopamini yao. Sungura wakalala, hawawezi kujongea. Akawapa levodopa, wakasimama na kukimbia. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960, mtaalam Oleh Hornykiewicz wa Vienna, Austria, alipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson. Alikuta dopamini imepungua mno. Mwaka uliofuata, yeye na daktari mwenzake walianza kuwapa wagonjwa levodopa kwa sindano. Mwaka 1967, daktari George Cotzias wa New York, Marekani, alionyesha njia ya kumeza. Alianza na kiasi kidogo, akaongeza polepole. Watu waliokuwa wamekaa vitini kama magogo waliinuka wakatembea.

Baadaye ikapatikana dawa ya pili ya kuisaidia levodopa. Kwa nini ilihitajika? Kwa sababu levodopa ikimezwa peke yake, sehemu kubwa inageuka dopamini humo humo njiani, kabla haijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana Guggenheim alitapika. Dawa msaidizi inazuia jambo hilo. Sasa mgonjwa anahitaji levodopa kidogo, na hatapiki sana. Vidonge vyenye dawa hizi mbili pamoja vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Vidonge hivi haviponyi. Vinampa mwili dopamini ambayo ubongo umeshindwa kutengeneza. Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuuzuia ugonjwa usiendelee. Lakini mtu kuweza kula mwenyewe, kufunga vifungo mwenyewe, na kwenda chooni mwenyewe si jambo dogo.

SHAMBA LA MAJARIBIO NA WODI YA MAJARIBIO

Sasa, tutajuaje kama dawa inafaa? Mtu akisema, "Nilikunywa nikapona," je, inatosha?

Hebu turudi shambani. Tuseme nataka kujua kama mbolea mpya ni nzuri. Nikiitia katika bonde lenye maji, na sehemu isiyo na mbolea iwe kilimani kwenye mawe, bonde litashinda. Lakini nani ameshinda, mbolea au bonde? Sijui. Nimejidanganya.

Kwa hiyo tunagawa shamba katika vipande vingi. Kisha tunapiga kura. Kipande hiki mbolea, kile hapana. Kura haimjui bwana shamba, wala haipendi bonde. Mwisho wa msimu tunapima debe kwa debe.

Njia hii ya kura iliwekwa sawa na mtaalam aliyeitwa Ronald Fisher, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, miaka ya 1920. Waganga wakaiga. Mwaka 1948 ilitangazwa habari ya jaribio la dawa ya kifua kikuu iitwayo streptomaisini. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na kupumzishwa kitandani. Wagonjwa 52 walipumzishwa tu, kama ilivyokuwa desturi. Nani aingie kundi gani, iliamuliwa kwa kura. Baada ya miezi sita, katika kundi la dawa walikuwa wamekufa 4. Katika kundi la pili walikuwa wamekufa 14. Hapo hakuna mabishano tena.

Umeona, ndugu mkulima? Waganga walijifunza jambo kubwa kutoka shambani.

Katika ugonjwa wa kutetemeka kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Nalo ni matumaini. Mgonjwa akiamini amepewa dawa nzuri, mwili wake unaweza kuchangamka kweli. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa dawa tupu isiyo na kitu, huku akitumaini kuwa ni dawa ya kweli, ubongo wake hutoa dopamini kidogo iliyobaki. Anasikia nafuu. Lakini dawa tupu haikutibu kitu.

Kwa sababu hiyo, jaribio zuri huficha. Kundi moja hupewa dawa. Kundi la pili hupewa dawa tupu, au dawa ya zamani, inayofanana kwa sura. Mgonjwa hajui amepewa ipi. Na mganga anayempima hajui pia, asije akaona anachotaka kuona. Siri imeandikwa mahali pengine, na inafunguliwa mwisho.

Tena dawa mpya haianzi kwa watu wengi. Kwanza hujaribiwa kwa watu wachache, kuona kama ina madhara. Kisha kwa wagonjwa kiasi, kutafuta kipimo kinachofaa. Mwisho kwa wagonjwa wengi, kuilinganisha na dawa iliyopo. Dawa nyingi huishia njiani. Kuishia huko si hasara, maana watu wengi wameokolewa wasinywe kitu kisichofaa.

JARIBIO LA UPUPU

Basi, upupu nao umejaribiwa? Ndiyo, umejaribiwa.

Watafiti wa Italia na wenzao walifanya jaribio huko Bolivia, Amerika ya Kusini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Sababu yao ilikuwa moja: vidonge ni ghali kwa maskini, upupu unaota bure. Walikaanga mbegu na kuzisaga kuwa unga. Wagonjwa walikuwa 18, na ugonjwa wao ulikuwa umekwenda mbali. Kila mgonjwa alipewa vitu sita kwa zamu, siku mbalimbali. Kimoja kilikuwa dawa ya hospitali. Kingine unga wa upupu kwa kipimo kidogo, kingine kwa kipimo kikubwa. Na kimoja kilikuwa kitu kisicho na dawa. Mgonjwa hakujua, wala aliyempima hakujua.

Walimpima kila mmoja baada ya dakika 90, na tena baada ya dakika 180. Upupu haukushindwa na dawa ya hospitali. Kwa kipimo kikubwa, nafuu iliendelea kwa muda mrefu zaidi.

Ukisikia hapo tu, utakimbilia ghalani. Ndivyo alivyofanya yule mtu wa mjini aliyemwambia kijana wetu. Alisikia nusu ya habari.

Nusu ya pili ni hii. Jaribio lile lilipima dozi moja moja, si kunywa kila siku. Watafiti hao wakafanya jaribio la pili, dogo, lililochapishwa mwaka 2018. Wagonjwa walikuwa 14, wakitumia unga kila siku kwa majuma kadhaa. Waliouvumilia, hali yao ilifanana na ya wanaotumia vidonge. Lakini wagonjwa 7, yaani nusu yao, walishindwa kuendelea. Wanne waliacha kwa sababu ya matatizo ya tumbo. Watatu waliacha kwa sababu hali yao ya kujongea ilizidi kuwa mbaya.

Nusu, ndugu msomaji. Ukigawa mbegu kwa wakulima 14, na 7 wakarudi wakisema shamba limeharibika, je, utaendelea kugawa bila kuuliza? Hapana. Utasema mbegu hii ina kitu kizuri, lakini bado tunatafuta jinsi ya kuitumia. Ndivyo waganga wanavyosema juu ya upupu mpaka sasa.

HATARI YA KUPIMA KWA KIGANJA

Wengine watasema, "Mmea ni mmea. Hauna kemikali, hauwezi kudhuru." Hapa nitasema kama bwana shamba, maana hili nalijua.

Mahindi ya shamba moja hayafanani na ya shamba jingine. Vivyo hivyo upupu. Mbegu nyingi huwa na levodopa kiasi cha gramu 4 hadi 6 katika kila gramu 100, lakini kuna zenye chini ya hapo na zenye zaidi. Inategemea aina ya mbegu na mahali ilipolimwa. Kiganja cha leo si sawa na kiganja cha kesho. Kidonge kimepimwa, kiganja hakikupimwa.

Tena upupu hauna ile dawa msaidizi. Kwa hiyo levodopa nyingi inageuka njiani. Mtu anaweza kutapika, na damu ikashuka nguvu, akasimama na kuanguka. Mzee akivunjika nyonga, tumemwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Na tukumbuke yaliyowapata jirani zetu. Mwaka 1989, katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, kulikuwa na njaa. Watu walikula mbegu za upupu. Desturi yao ilikuwa kuzichemsha na kumwaga maji, tena na tena, mpaka sumu itoke. Lakini mwaka ule maji nayo yalikuwa haba. Watu zaidi ya 200 walipatwa na wazimu wa ghafla. Waliumwa kichwa, mioyo ilidunda, wakaona na kusikia vitu visivyokuwapo. Mmea ule ule.

Kwa hiyo upupu ninaokupa ni wa shamba. Upande, ufunike ardhi, ulime chini. Usimpe mtu anywe, na usimpe kuku mbegu mbichi. Ukishazipata mbegu, zitunze mbali na watoto.

UKIOMBWA KUINGIA KATIKA JARIBIO

Ipo siku watafiti watafika katika wilaya yako. Pengine watakuomba wewe, au mzee wako, muingie katika jaribio la dawa. Usikimbie. Bila watu kukubali, hakuna dawa itakayojulikana. Na kama majaribio yote yanafanywa Ulaya na Marekani, tutajuaje kama dawa inawafaa watu wetu, kwa chakula chetu na maisha yetu?

Lakini usikubali kama kondoo pia. Zamani watu walifanyiwa majaribio kwa nguvu. Waganga wa Ujerumani wa wakati wa Hitler waliwatesa wafungwa kwa jina la utafiti. Walishtakiwa katika mji wa Nuremberg, na mwaka 1947 ikaandikwa kanuni kwamba mtu lazima akubali kwa hiari yake. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari cha Dunia kikatoa Azimio la Helsinki, linaloeleza haki za mtu anayefanyiwa utafiti.

Haki zako ni hizi. Zisome mara mbili, au uombe usomewe:

1. Uelezwe kwa lugha unayoielewa: jaribio ni la nini, litachukua muda gani, na madhara gani yanaweza kutokea.

2. Uambiwe wazi kwamba unaweza kupewa dawa tupu kwa kura.

3. Upewe nafasi ya kwenda nyumbani na karatasi, ukaongee na mke, mume au watoto.

4. Kama hujui kusoma, awepo shahidi asiyekuwa mtu wa watafiti. Dole gumba lako lina thamani kama sahihi ya waziri.

5. Unaweza kukataa. Unaweza pia kutoka katikati. Ukitoka, matibabu yako ya kawaida yaendelee.

6. Hulipi kuingia katika jaribio. Anayekutoza ada ya kuingia, mwogope.

7. Uelezwe nani atakutibu ukipata madhara, na utampata wapi.

8. Uulize: jaribio likiisha na dawa ikafaa, je, nitaendelea kuipata? Swali hili watu wengi husahau.

Hapa Tanzania Bara, utafiti wa tiba kwa watu unahitaji kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na jaribio la dawa linahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa kibali. Mwulize, au umwombe ofisa mtendaji wa kijiji akuulizie.

MZEE WETU LEO

Baada ya wiki moja nilirudi kwa yule kijana. Nilimkuta mama yake anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetuletea ile dawa?"

"Sikuleta, mama. Nimeleta maneno. Twende na mzee hospitali."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Miaka mitatu namlisha kwa kijiko usiku, watu wasione. Nilidhani ni aibu yetu sisi wawili."

Tulikwenda. Daktari alimtazama mzee anavyotembea, anavyogeuka, anavyofungua na kufunga vidole. Akauliza dawa zote anazotumia. Akamwandikia vidonge. Alimwagiza avimeze kwa saa zile zile kila siku, nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama na maharage vinaweza kuizuia dawa isifike inakotakiwa. Alimwonya asiviache ghafla. Alimwonyesha pia mazoezi ya kutembea kwa hatua ndefu.

Majuma machache baadaye nilipita pale. Mzee alifunga vifungo vyake mbele yangu, kimoja kimoja, mpaka cha shingoni. Hakusema neno. Mkono bado unatetemeka kidogo, lakini kijiko anashika mwenyewe.

Sitakudanganya kwamba mambo yote ni shwari. Vidonge hivi mara nyingi havipatikani katika zahanati za vijijini, na dukani bei yake ni mzigo. Mwezi mmoja vilikaribia kwisha. Kijana akanijia tena. "Bwana shamba, fedha hakuna. Mbegu ipo ghalani. Nifanyeje?"

Ndugu msomaji, swali lile lilinikaa kooni. Ni rahisi kumwambia mtu asinywe mti wakati wewe huna kidonge cha kumpa. Nilimwambia, "Usingoje viishe. Rudi kwa daktari leo." Daktari alimtafutia vya kumfikisha mwisho wa mwezi. Kisha familia ikakaa kikao. Waliamua kwamba kila mavuno, magunia mawili ya mahindi yatauzwa kwa ajili ya dawa ya mzee peke yake. Fedha zinawekwa katika chama cha kuweka na kukopa cha kijiji, na hazigusiwi kwa harusi wala kwa msiba. Hivyo ndivyo wanavyokwenda hadi leo.

Na magunia hayo yanatoka wapi? Yanatoka katika kile kipande kilichokuwa kimechoka, ambacho walipanda upupu. Upupu umemsaidia mzee, lakini kwa njia ya shambani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kutetemeka si uchawi. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mapema.

Usimpe mgonjwa mbegu za upupu. Kama amekwisha kunywa, mwambie mganga bila kuficha.

Asiyeona dawa nzuri inafanya kazi kwa kura na kwa siri, atauziwa maji.

Mgonjwa wa Parkinson mara nyingi akili yake ipo. Anaposema polepole, mngoje amalize.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Je, katika kijiji chetu yupo mtu anayetetemeka ambaye hajaonana na mganga? Nani atamtembelea wiki hii?

2. Kwa nini ni lazima kupiga kura katika jaribio la mbolea? Na katika jaribio la dawa?

3. Jaribio la kwanza la upupu lilionyesha nini? Jaribio la pili lilionyesha nini? Kwa nini tunahitaji kuyajua yote mawili?

4. Mtafiti akikuomba uweke dole gumba, utamwuliza maswali gani kwanza?